Kalafati, Deheni na Sifa: Istilahi za Kukinga Sakafu ya Chombo cha Mbao

Utangulizi

Chombo cha mbao hakimalizi umri wake kikiwa na mbao zile zile kilizoundwa nazo. Kila baada ya miaka kadhaa mwenye mashua hana budi kung'oa mbao zilizooza na kutia nyingine, na aghalabu mahali panapotangulia kuoza ni chini, pale maji yanapotuama. Kazi hiyo ina gharama, na wavuvi wengi wa pwani yetu na wa maziwa yetu si watu wa fedha nyingi. Kwa hiyo swali la namna ya kuikinga sakafu mpya, isipitishe maji wala isioze, kwa gharama ambayo mvuvi anaimudu, ni swali la riziki. Mara nyingine ni swali la roho za watu.

Huenda msomaji akauliza jambo la mafundi wa vyombo limeingiaje katika kurasa za istilahi. Jibu ni kwamba kazi hii ina lugha yake, tena lugha yenye kutenga mambo kwa makini. Lakini siku hizi plaiwudi, gundi na rangi za viwandani zimeingia katika karakana za pwani pamoja na maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha za kigeni. Maelekezo hayo yanapofasiriwa, kitenzi kimoja tu, yaani kuziba, hubebeshwa kazi zisizopungua tatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuzitenga kazi hizo kwa maneno si anasa ya wanaisimu. Fundi aliyepewa neno moja kwa kazi tatu atanunua kitu kimoja kwa kazi tatu, na hasara itamfika yeye.

1. Sakafu ni ipi?

Tuchukue sentensi ambayo mfasiri yeyote angeweza kuiandika: "Baada ya kuweka sakafu mpya, ziba sehemu zote ili maji yasipite." Kisarufi sentensi hii haina kosa. Lakini fundi wa chombo akiisoma, jambo la kwanza atakalouliza ni: sakafu ipi?

Neno sakafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Katika nyumba za mawe za miji ya pwani paa la ghorofa ya chini ndilo linalokanyagwa na watu wa ghorofa ya juu, na kwa njia hiyo neno lilipata kwetu maana ya mahali pa kukanyaga palipokandikwa kwa chokaa. Linapohamishiwa chomboni neno hilo laweza kuelekezwa kwenye vitu vitatu vilivyo mbalimbali.

Cha kwanza ni mbao za chini za chombo, zilizopigiliwa kwenye mkuku na mataruma, ambazo upande wake wa nje wakaa ndani ya maji. Hizi ni ngozi ya chombo. Cha pili ni mbao za kukanyagia, zilizolazwa juu ya mataruma ili watu na mizigo wasikae katika maji. Chini yake ndipo penye ngama, pale maji yanayovuja na ya mvua yanapokusanyika yakangoja kukumbwa. Cha tatu ni sitaha, mbao za juu zifunikazo chombo, ambazo mashua nyingi ndogo hazina.

Sasa tazama matokeo. Fundi akizifanyia mbao za kukanyagia kazi inayozipasa mbao za chini, akazibana na kuziba kila mahali, atakuwa ameifunika ngama isipate hewa wala isifikiwe na mkono. Maji ya mvua yatapenya hata hivyo, kwa maana chombo hakina paa, yatakaa chini yasionekane, nayo yataozesha mataruma. Na maji ya mvua ni mabaya zaidi kwa mbao kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi huwazuia kwa kiasi kikubwa kuvu waozeshao mbao, ilhali maji matamu huwastawisha. Kinyume chake, fundi akizifanyia mbao za chini kazi ya mbao za kukanyagia, yaani kuzipaka mafuta tu na kuziachia nafasi, chombo kitajaa maji siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo tunashauri neno sakafu ya chombo liwekwe kwa maana moja tu, nayo ni mbao za kukanyagia. Mbao zinazoguswa na maji kwa nje ziitwe mbao za chini, na neno sitaha libaki mahali pake. Neno ngama nalo lirudishwe katika maandishi, maana mfasiri asiyelijua hulazimika kusema "sehemu ya ndani ya chini kabisa ya chombo", na hata hapo asieleweke vyema.

2. Ufa na mshono

Methali yetu inatuonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Onyo hilo lafaa kwa ukuta. Chomboni lahitaji kufafanuliwa. Nafasi zinazopitisha maji chomboni ni za aina mbili, na dawa zake hazifanani.

Ipo nafasi iliyo baina ya ubao na ubao. Hiyo si kasoro. Imo katika muundo wenyewe wa chombo, na fundi aliiacha makusudi. Tunapendekeza iitwe mshono. Neno hili lina asili yake katika ufundi wa pwani. Mtepe, chombo kilichokuwa kikiundwa katika visiwa vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya misumari. Habari za vyombo vya kushonwa katika pwani hii ni za kale mno, kwani kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 B.K. kiitwacho Periplus chavitaja vyombo hivyo katika mji wa Rhapta. Leo mbao zapigiliwa misumari, lakini mshono ungali mshono.

Ipo pia nafasi iliyotokea ndani ya ubao mmoja kwa kupasuka. Huo ndio ufa. Tofauti yake na mshono ina maana kubwa, maana mshono hutiwa pamba kwa nguvu ya nyundo, na ufa ukifanyiwa hivyo pamba hugeuka kabari ikauongeza. Ubao wenye ufa hutiwa kiraka, au hung'olewa. Mwongozo unaosema "ziba nyufa zote kwa pamba" kumbe wakusudia mishono, wamfundisha kijana kuharibu mbao alizozinunua jana.

3. Kati ya mbao, juu ya mbao, ndani ya mbao

Mafundi wa pwani wana maneno matatu yanayoelekea mahali patatu. Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya.

La kwanza ni kalafati. Neno hili, lililoingia kwetu kutoka Kiarabu, lina ndugu zake katika Kireno na Kihispania, jambo linaloonyesha jinsi lugha ya mabaharia inavyosafiri. Kalafati hutiwa kati ya mbao. Pamba husokotwa kama utambi, ikalazwa kwenye mshono, ikashindiliwa kwa chembeu, yaani patasi butu ya kazi hiyo, na nyundo ya mti. Fundi mzuri hashindilii kupita kiasi. Ubao ukiingia majini hunywa maji ukavimba, nao huibana pamba wenyewe. Pamba ikiwa imejaa mno, mbao zikivimba hukosa pa kwenda, zikasukuma mataruma na kung'oa misumari.

La pili ni deheni, kutoka kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kupaka mafuta. Deheni hupakwa juu ya mbao, upande wa nje, sehemu inayozama majini. Ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Siri yake yaelezeka kwa kemia. Shahamu ikikutana na chokaa hufanyika sabuni ya kalisi, na sabuni hii, tofauti na ile tunayofulia, haiyeyuki majini. Hivyo chombo huvikwa utando mweupe unaokataa maji, na kuwapa shida wadudu wa baharini watoboao mbao. Utando huo hauishi daima. Kila baada ya muda chombo hupwelezwa wakati wa maji ya bamvua, kikategemezwa kwa gadi, kikachomwa chini kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kisha kikadeheniwa upya.

La tatu ni sifa, mafuta yapatikanayo katika maini ya papa. Haya huingia ndani ya mbao. Hayazibi mshono wala hayafanyi utando mgumu. Kazi yake ni kuushibisha ubao mafuta ili usinywe maji upesi, usikauke kwa jua ukapasuka. Hupakwa sehemu zisizozama, na ndani ya chombo.

Kati, juu, ndani: kwa maneno matatu kazi nzima imegawanyika. Kuziba libaki kuwa neno la jumla, kama vile kupika lilivyo neno la jumla kwa kuchemsha, kukaanga na kuoka. Hakuna mwandishi wa mapishi atakayeandika "pika vitunguu" pale anapokusudia vikaangwe. Vivyo hivyo mwandishi wa mambo ya vyombo asiandike "ziba" pale anapokusudia kudeheni.

4. Maneno haya yatumikeje kisarufi?

Mambo mawili huwatatiza wafasiri.

Kwanza, kalafati na deheni ni majina na ni vitenzi pia, na vikiwa vitenzi havimalizikii kwa irabu a. Hilo lisituzuie. Kiswahili kina vitenzi vingi vya namna hiyo, kama vile kusamehe, kujibu na kukubali. Tutasema fundi anakalafati mashua, mashua imekalafatiwa, chombo kinadeheniwa. Kutoka hapo twapata mkalafati, mtu wa kazi hiyo, na ukalafati, kazi yenyewe. Si lazima kuunda neno jipya pale ambapo la zamani lazaa watoto wazima.

Pili, neno sifa lina mwenzake mashuhuri mwenye maana ya hali ya kitu au kusifu. Katika mwongozo wa kiufundi sentensi kama "chunguza sifa ya ubao" yaweza kumduwaza msomaji. Kulitupa neno kwa sababu hiyo hakufai, maana baharini halina mbadala ulio mfupi kama lenyewe. Tunashauri katika maandishi liandikwe sifa ya papa au mafuta ya sifa, na katika mwongozo huo huo maana ile nyingine ielezwe kwa maneno kama tabia au hali.

5. Vitu vya viwandani

Vitu vipya vyaweza kupangwa katika mahali pale pale patatu, na hapo ndipo faida ya istilahi za zamani inapodhihirika. Vizibio vya mpira vinavyouzwa katika mirija ni ndugu wa kalafati: vyakaa kati. Rangi, lami na epoksi ni ndugu wa deheni: vyakaa juu. Mafuta ya kitani na dawa za kuhifadhi mbao ni ndugu wa sifa: vyaingia ndani. Mnunuzi anayeujua ukoo wa kitu dukani hatanunua rangi ili aizibie mshono unaocheza. Rangi hupasuka mara chombo kinapopigwa na wimbi, fedha zikawa zimetupwa.

Hata hivyo yapo maeneo matatu ambamo Kiswahili bado chahitaji maneno.

(a) Plaiwudi. Ipo plaiwudi inayouzwa kwa jina la "plaiwudi ya bahari", na jina hilo humpa mnunuzi imani kwamba haihitaji kukingwa. Ukweli ni kwamba ubora wake uko katika gundi isiyoachia kwa maji na katika matabaka yasiyo na mapengo. Kipimo cha Uingereza cha plaiwudi hiyo, BS 1088, hakilazimishi itiwe dawa ya kuzuia kuoza. Mbao zake zaweza kuoza kama mbao nyingine. Tunapendekeza iitwe plaiwudi ya gundi stahimilivu, ili jina liseme kile ambacho kitu hicho kinacho, lisiahidi kile ambacho hakina.

(b) Resini na dawa yake. Zipo resini za aina mbili zinazotumika sana, epoksi na poliesta, na kila moja huchanganywa na kitu cha pili ndipo igande. Kitu hicho cha pili, katika zote mbili, huitwa dawa tu. Hapa pana hatari. Katika poliesta kitu hicho huanzisha mgando, nacho hutiwa kidogo sana, kama asilimia 1 au 2. Fundi aweza kukipunguza au kukiongeza kidogo kwa kadiri ya joto. Katika epoksi kitu cha pili ni sehemu ya mgando wenyewe, na kipimo chake hakibadiliki. Fundi aliyezoea poliesta, akiambiwa "ongeza dawa ikauke upesi", akaongeza kwenye epoksi, atapata uji wenye kunata ambao hautaganda sawasawa, na hana njia ila kuukwangua wote. Kwa hiyo cha poliesta kiitwe kichocheo, neno lililokwisha kuzoeleka katika kemia, na cha epoksi kiitwe kigandishi. Tusikiite kikaushi, kwa kuwa epoksi haikauki kwa kutoa maji hewani kama nguo, huganda.

(c) Kutopitisha maji. Ni kawaida kuona maneno "rangi isiyopenya maji". Tuyapime. Anayepenya ni nani? Ni maji. Rangi isiyopenya maji, kwa sarufi, ni rangi isiyoweza kuingia ndani ya maji, maana ambayo haikukusudiwa na mtu. Ama tuseme rangi isiyopenywa na maji, ama, kwa wepesi zaidi, rangi isiyopitisha maji. Tena tutofautishe kati ya kitu kisichopitisha maji kabisa na kitu chenye kustahimili maji kwa muda. Mafuta ya sifa ni ya namna hii ya pili, na kuyaita ya namna ya kwanza ni kumdanganya mnunuzi.

6. Istilahi zikiwekwa kazini

Ili msomaji aone manufaa ya utenganisho huu, hebu tuandike maelekezo mafupi ya kukinga sakafu mpya ya mashua ndogo, sakafu ikiwa na maana tuliyoikubali, yaani mbao za kukanyagia, na mwenye mashua akiwa na fedha kidogo.

Kwanza, mbao zikaushwe kivulini, zikipangwa juu ya vijiti ili hewa ipite. Ubao mbichi haupokei mafuta wala rangi, na epoksi huutaka ubao ukavu hasa, unyevu wake usizidi asilimia 12 hivi.

Pili, mbao zikatwe, zirandwe na kutobolewa matundu yote kabla ya kupakwa chochote. Tundu lililotobolewa baadaye ni mlango uliofunguliwa baada ya nyumba kufungwa.

Tatu, mwenye mashua achague njia moja kati ya mbili, wala asizichanganye. Njia ya rahisi ni kuzishibisha mbao mafuta, ya sifa au ya kitani, mara kadhaa mpaka zisinywe tena, na kurudia kila zikionekana kukauka. Njia ya gharama ni epoksi, matabaka matatu, kisha rangi juu yake, kwa sababu jua huiharibu epoksi iliyoachwa wazi. Aliyeanza na sifa asitarajie kupaka epoksi mwaka ujao, maana ubao uliojaa mafuta hauishiki. Vilevile juu ya lami rangi ya mafuta haitulii, kwani lami huchuruzika ikaitia madoa.

Nne, fedha zikiwa hazitoshi, zitangulie kwenye ncha za mbao na kuta za matundu. Pale ubao ulipokatwa kukingama na nyuzi zake ndipo unaponywa maji kwa pupa kuliko mahali pengine popote. Ncha zilizokingwa vyema na uso uliokingwa kwa wastani ni bora kuliko uso unaong'aa na ncha zilizo wazi. Na upande wa chini usisahauliwe, kwa kuwa huo ndio unaokabili ngama.

Tano, sakafu isikalafatiwe. Mbao ziachiwe nafasi ndogo baina yake ili maji yashuke kwenye ngama, na zifungwe kwa parafujo ili ziweze kuondolewa, ngama ikasafishwa na kukumbwa maji. Kalafati na deheni ni za mbao za chini.

Msomaji ataona kwamba maelekezo haya, lau yangeandikwa kwa neno kuziba peke yake, yasingewezekana. Hatua ya tano ingepingana na hatua ya tatu.

7. Mapendekezo

Tunaweka mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo ili zijadiliwe:

Chembeu: patasi butu ya kushindilia kalafati.
Deheni: mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa nje ya chombo, sehemu inayozama; kudeheni, kupaka mchanganyiko huo.
Kalafati: pamba au kitu mfano wake kitiwacho katika mshono, kukalafati, kutia kitu hicho.
Kichocheo: kitu kidogo kinachoanzisha mgando wa resini ya poliesta.
Kigandishi: kitu kinachoungana na resini ya epoksi kwa kipimo maalumu ili igande.
Kizibio: kitu laini cha kiwandani cha kutia katika mshono. Kizibo kibaki kwa maana ya kifuniko cha chupa.
Mbao za chini: mbao za chombo ambazo upande wake wa nje wakaa majini.
Mshono: nafasi ya kimuundo baina ya ubao na ubao.
Ngama: nafasi iliyo chini ya sakafu ya chombo ambamo maji hukusanyika.
Sakafu ya chombo: mbao za kukanyagia zilizolazwa juu ya mataruma.
Sifa ya papa: mafuta ya maini ya papa ya kushibishia mbao.
Ufa: mpasuko ndani ya ubao mmoja.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Uundaji wa istilahi una desturi njema ya kuangalia kwanza kilichomo ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha zetu nyingine, kabla ya kukopa nje. Kalafati na deheni yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Neno lililomo kamusini lakini halimo katika miongozo ya kazi hulala, na neno lililolala kwa muda mrefu hufa.

Vyombo vya mbao vyapungua mahali pengi, na vya faiba vyaongezeka. Lakini mashua, ngalawa na madau yangalipo yanayomtegemea mtu mmoja mwenye nyundo ya mti na fungu la pamba. Wafasiri na waandishi wa miongozo twawaomba wafanye jambo moja: kabla ya kuandika neno kuziba, wajiulize kama kitu kinachozungumzwa chakaa kati ya mbao, juu ya mbao, au ndani ya mbao. Na mafundi wa Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao maji yao ni matamu na maneno yao huenda ni mengine, twawaomba watuletee istilahi zao, ili orodha hii isiwe ya pwani peke yake.